Chanda Chema Huvikwa Pete: Habari za Shule Moja ya Msingi Mjini New Haven

Chanda chema huvikwa pete. Ndivyo walivyosema wahenga, nasi walimu tumeupenda msemo huu kwa kuwa kazi yetu ni ya kuvika wengine pete: huyu tunampa zawadi ya usomaji bora, yule tunampa ya hisabati, na shule iliyoongoza wilayani tunaipigia makofi siku ya sherehe. Lakini ni mara chache mno tunapojiuliza chanda tunachokivika pete kilizaliwa chema au kilitengenezwa kikawa chema. Shule inayopokea watoto waliokwisha kufundishwa kusoma nyumbani, wenye vitabu, taa na chakula cha asubuhi, ikiwafikisha mbali, yastahili sifa zake. Je, shule inayopokea watoto wasio na hata kimoja katika hivyo, ikawafikisha pale pale walipofika wenzao, yastahili nini?

Katika makala haya tumekusudia kuwasimulia walimu wenzetu na wanafunzi wa Kiswahili habari za shule ya namna hiyo ya pili. Haikuwa kwetu, ilikuwa Marekani, katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, nayo ilibeba jina la Martin Luther King. Tumeichagua kwa sababu historia yake inafahamika vizuri, na kwa sababu maradhi iliyoyatibu tunayajua sisi sote tunaoshika chaki.

Yafaa kwanza tutazame hali ya nchi yenyewe wakati ule. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Wengi walidhani kwamba mlango ukishafunguliwa, watoto wote watapita sawasawa. Haikuwa hivyo. Mwaka 1966 ilitoka taarifa kubwa ya serikali iliyoongozwa na James Coleman, mtaalamu wa elimu ya jamii, ambayo ilichunguza wanafunzi zaidi ya laki tano katika shule za nchi nzima. Taarifa hiyo ilionyesha kwamba watoto weusi na maskini walikuwa nyuma ya wenzao tangu darasa la kwanza, na kwamba kadiri miaka ya shule ilivyoendelea pengo halikuzibika. Tena ilisema kwamba tofauti za maendeleo ya wanafunzi zilifungamana zaidi na hali ya nyumbani kwao kuliko na majengo, vitabu au vifaa vya shule.

Maneno hayo yalisomwa kwa namna nyingi. Wapo walioyasoma kwa haraka wakatangaza kwamba shule haina nguvu: mtoto wa maskini atabaki nyuma, na mwalimu hana la kufanya ila kumsindikiza. Hatuna budi kuitafakari sana hukumu hiyo, maana ikiwa ni ya kweli, basi kazi yetu sote ni bure. Shule hujengwa ili mtoto asifungwe na mahali alipozaliwa. Ikishindwa jambo hilo, imebaki kuwa boma la kulindia watoto mpaka jioni.

New Haven ni mji wenye mambo mawili yasiyofanana. Upande mmoja kuna Chuo Kikuu cha Yale, kilichoasisiwa mwaka 1701, mojawapo ya vyuo vyenye utajiri na sifa kubwa duniani. Upande mwingine, katika miaka ile ya 1960, kulikuwa na mitaa ya watu weusi ambao wengi wao, au wazazi wao, walikuwa wamehamia kutoka mashamba ya kusini kutafuta kazi viwandani, wakakuta viwanda vyenyewe vinafungwa. Mwezi wa Agosti mwaka 1967 ghasia zilizuka mjini humo, maduka yakavunjwa na kuchomwa moto. Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata, Martin Luther King akauawa mjini Memphis. Ilikuwa katika mwaka huo wa 1968, mioyo ya watu ikiwa bado inafuka moshi, ambapo Kituo cha Uchunguzi wa Watoto cha Chuo Kikuu cha Yale na idara ya shule ya mji huo walipatana kufanya jaribio katika shule mbili za msingi, yaani shule ya King na shule ya Baldwin. Fedha za kuanzia zilitoka katika Wakfu wa Ford.

Shule hizo mbili hazikuchaguliwa kwa uzuri wake. Katika shule 33 za msingi za mji huo, zilikuwa ya 32 na ya 33. Karibu wanafunzi wote walikuwa weusi, na zaidi ya saba katika kila kumi walitoka katika nyumba zilizoishi kwa msaada wa serikali. Mtoto alipofika darasa la nne alikuwa amekwisha kuachwa nyuma kwa yapata mwaka mmoja na nusu katika lugha na hisabati. Mahudhurio yalikuwa mabaya, adabu ilikuwa mbaya zaidi, na walimu walikuwa wakihama kila walipopata nafasi. Wazazi waliiogopa shule, na shule iliwadharau wazazi.

Aliyeongoza jaribio hilo alikuwa James Comer, daktari wa magonjwa ya akili, aliyezaliwa mwaka 1934 mjini East Chicago katika jimbo la Indiana. Baba yake alikuwa kibarua katika kiwanda cha chuma. Mama yake, Maggie, alikuwa mtumishi wa nyumbani aliyesoma shule kwa muda usiofika miaka miwili. Hata hivyo watoto watano wa nyumba hiyo walipata, kwa jumla, shahada 13 za vyuo vikuu. Comer ameeleza mara nyingi kwamba alipoanza shule alikuwa na rafiki watatu wa mtaani kwake, watoto wenye akili kama yeye, waliokaa katika madarasa yale yale na kufundishwa na walimu wale wale. Mmoja alikufa mapema kwa ulevi, wa pili alitumia sehemu kubwa ya maisha yake gerezani, na wa tatu aliingia na kutoka katika hospitali za wagonjwa wa akili. Akajiuliza: ni kitu gani kilichotutenga?

Jibu alilolipata halikuwa la akili wala la rangi. Alikumbuka habari ya maktaba. Mwalimu aliwataka watoto wakaazime vitabu katika maktaba ya mji. Yeye alivileta, maana mama yake alizoea kumpeleka huko, lakini wenzake hawakuleta. Mwalimu alikasirika akawakaripia, akidhani kwamba watoto wale hawapendi kusoma. Hakujua kwamba wazazi wao, watu waliodharauliwa maisha yao yote, waliogopa hata kuingia katika jengo lile. Nyumba ya Maggie ilikuwa imemjengea mwanawe daraja la kumfikisha shuleni, na nyumba nyingine hazikuwa nalo. Basi Comer akaona kwamba ikiwa mtoto hakujengewa daraja nyumbani, shule yenyewe haina budi kulijenga kutoka upande wake.

Ndugu walimu, tusidhani kwamba mambo yalikwenda kwa urahisi. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa misukosuko mitupu. Wataalamu wa chuo kikuu walikuja na nadharia zao, walimu wakawa na zao, na madarasani kukawa na fujo kuliko mwanzo. Wazazi walikasirika wakaona watoto wao wanafanywa vitu vya kujaribiwa. Baadhi ya walimu waliondoka. Hapo ndipo waliobaki walipojifunza kwamba wageni hawaponyi shule kwa maagizo. Wenye shule wenyewe ndio wapaswao kukaa pamoja na kusemezana.

Kutokana na fundisho hilo walianzisha mambo matatu. La kwanza lilikuwa kamati ya uongozi ambamo aliketi mwalimu mkuu, pamoja na wajumbe wa walimu, wa wazazi na wa wafanyakazi wengine. Kamati hii ilipanga shabaha za shule kwa mwaka, masomo, mafunzo ya walimu na shughuli za kijamii, kisha ikapima yaliyotimia na yasiyotimia. La pili lilikuwa kundi la wataalamu waliozoea kufanya kazi kila mmoja peke yake, yaani mtaalamu wa saikolojia, mtumishi wa ustawi wa jamii na mwalimu wa watoto wenye matatizo. Sasa walikutana pamoja, wakazungumza juu ya mtoto mmoja kwa sauti moja. La tatu lilikuwa jumuiya ya wazazi, na wazazi wengine waliajiriwa kwa saa chache kila wiki wawe wasaidizi madarasani.

Kamati hizo zilifuata kanuni tatu ambazo twaona zafaa kuandikwa katika ukuta wa kila chumba cha walimu. Kwanza, hakuna kutafuta mtu wa kulaumiwa: tatizo linawekwa mezani ili litatuliwe, si ili lipate mwenyewe. Pili, mambo yanaamuliwa kwa kupatana, si kwa kupiga kura, kwa sababu kura huacha nyuma washinde na washindwa. Tatu, kamati haimfungi mikono mwalimu mkuu, wala mwalimu mkuu haipuuzi kamati. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hawa waliutia msemo huo katika ratiba ya kazi.

Kuna kisa kimoja ambacho Comer mwenyewe amekisimulia. Mtoto wa kiume wa miaka minane aliletwa shuleni na shangazi yake, akiwa ametoka mashambani huko North Carolina. Shangazi alikuwa anawahi kazini, akamwacha mlangoni. Mwalimu mkuu akampeleka darasani. Mwalimu wa darasa, aliyekwisha kupokea wageni wengine wiki ile ile, alimtazama kwa uchovu akatikisa kichwa tu. Mtoto akaona kwamba hatakiwi. Akashikwa na hofu, akampiga mwalimu teke, akatoka mbio.

Sisi sote twajua hatua zinazofuata katika shule nyingi. Mtoto hupelekwa kwa mwalimu mkuu, huadhibiwa, hurudishwa darasani, huchekwa na wenzake, hupigana, huadhibiwa tena, na mwisho huandikwa katika daftari kwamba ni mkorofi asiyefundishika. Katika shule hii walifanya jambo jingine. Walimu walikaa wakaulizana: lau sisi tungechukuliwa kutoka kwetu, tukatupwa kati ya watu tusiowajua, tukapokewa kwa uso mkavu, tungefanya nini? Kutokana na swali hilo walitunga utaratibu wa kumpokea kila mgeni: kumtembeza shuleni, kumjulisha kwa darasa, na kumpa mwenzake wa kumwongoza siku za mwanzo. Teke la mtoto mmoja likageuka kuwa desturi njema ya shule nzima.

Kisa kingine chahusu mtoto aliyekaa miezi minane darasani bila kutabasamu. Maisha yalikuwa yamemfundisha kwamba watu wazima si wa kuaminiwa. Mwalimu wake alivumilia, na hatimaye, mwaka ukikaribia kwisha, mtoto akatabasamu. Lakini mwaka ulikuwa unakwisha! Baada ya likizo angekabidhiwa mwalimu mwingine, aanze upya kuogopa. Kamati ikaona kwamba desturi ya kubadilisha mwalimu kila mwaka yawaumiza hasa wale wasio na mtu wa kutegemea. Ikaamuliwa kwamba watoto wakae na mwalimu mmoja kwa miaka miwili. Wapo waliokuwa hawakupiga hatua yoyote mwaka wa kwanza, wakapiga hatua za miaka miwili katika mwaka wa pili.

Kadhalika waliuliza wazazi: mnataka watoto wenu waweze kufanya nini watakapokuwa watu wazima? Majibu yakazaa masomo ya maisha katika nyanja nne: siasa na serikali, biashara na uchumi, afya na chakula, na mambo ya roho pamoja na burudani. Masomo haya hayakuwa kando ya kusoma na kuandika. Ulipofika uchaguzi wa meya wa mji, watoto waliwaandikia wagombea barua za kuwaalika shuleni, wakajifunza namna ya kumkaribisha mgeni na kumuuliza swali, kisha wakaandika barua za shukrani. Hapo mtoto aliona kwa nini sentensi haina budi kuwa na mwanzo na mwisho: barua yake ilikuwa inakwenda kusomwa na mtu. Na wazazi, ambao mwanzoni walihudhuria sherehe za shule wachache tu wa kuhesabika, walianza kuja kwa mamia. Mzazi anayemwona mwanawe jukwaani haogopi tena lango la shule.

Matokeo yake yalikuwa nini? Hayakuja upesi, na hili lapasa kusisitizwa. Lakini mwaka 1979, miaka kumi na moja tangu kuanza, wanafunzi wa darasa la nne walikuwa wamefikia kiwango cha darasa lao, ilhali umaskini wa mtaa ulikuwa ule ule. Mwaka 1984 shule mbili zilizofuata mpango huo zilishika nafasi ya tatu na ya nne mjini katika mtihani wa darasa la nne. Mahudhurio ya shule ya King yakawa ya kwanza au ya pili mjini kote. Makosa makubwa ya adabu yakawa hayasikiki kwa zaidi ya miaka kumi. Hawakubadilisha watoto, walibadilisha namna ya kuwapokea.

Haki yatutaka tutaje pia yale yasiyokuwa meupe. Shule ya Baldwin, iliyoanza pamoja na King, haikuendelea na mpango hadi mwisho. Nafasi yake ilichukuliwa na nyingine. Baadaye mpango ulienea katika mamia ya shule za Marekani, nao wachunguzi wakaupima. Katika wilaya moja ya Maryland, mwaka 1999, hawakuona tofauti kubwa kati ya shule zilizofuata mpango na zisizoufuata. Mjini Chicago, mwaka 2000, waliona maendeleo ya kiasi. Sababu moja iliyojitokeza ni kwamba shule nyingi zilichukua jina na kamati, zikaacha roho yake. Kamati bila kuaminiana ni viti tu vilivyopangwa mviringo. Tunayasema haya ili mtu asidhani kwamba kuna dawa ya kununuliwa dukani.

Turudi kwenye pete. Mwaka 1982 Wizara ya Elimu ya Marekani ilianzisha tuzo ya taifa ya shule bora, ambayo alama yake ilikuwa utepe wa buluu. Mwanzoni ilitolewa kwa shule za sekondari, kisha shule za msingi zikaingizwa. Baada ya miaka mingi watunza tuzo waliona kasoro ile tuliyoitaja mwanzoni, wakaigawa heshima hiyo mara mbili: fungu moja kwa shule zenye alama za juu kabisa, na fungu la pili kwa shule zilizopunguza pengo kati ya makundi ya wanafunzi. Wizara iliufunga mpango huo mwaka 2025, lakini wazo la fungu lile la pili halistahili kufungwa. Anayepima mbio atazame pia mkimbiaji alianzia wapi.

Na sisi je? Hapa Uganda Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulifurahi, na bado tunafurahi. Lakini tuangalie ndani ya darasa. Mtoto aliyekulia mpakani Busia, au aliyezaliwa katika kambi ya askari, huja na Kiswahili mdomoni. Aketiye karibu naye, aliyetoka kijijini ambako lugha hii haisikiki, huja mikono mitupu. Tukiuliza swali, wa kwanza hunyanyua mkono. Tukisifu, tunamsifu yeye. Na wa pili hunyamaza, nasi twaandika katika daftari kwamba ni mzito.

Hatusemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Miaka iliyopita, katika shule tuliyokuwa tukifundisha, tulimwandika msichana mmoja hivyo hivyo. Mihula miwili hakusema neno darasani. Siku moja tulipita karibu na jiko la shule, tukamkuta akimsimulia mpishi hadithi ya sungura kwa Kiswahili, kwa kusitasita lakini bila kukosa mpangilio. Kumbe mpishi alikuwa akimfundisha kila siku wakati wa chakula, naye alikuwa akijifunza kwa hamu. Mpishi hakuwa na diploma. Alikuwa na subira, na hakumcheka. Daftari letu ndilo lililokuwa zito. Tulilifuta neno lile, lakini aibu yake haikufutika.

Kwa hiyo tunapoisifu shule ya New Haven tunajikumbusha mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, hata pale ambapo hakuna chuo kikuu cha kutuletea wataalamu wala wakfu wa kutuletea fedha. Kumpokea mgeni kwa jina lake hakuhitaji fedha. Kukaa walimu pamoja kila wiki kuzungumza juu ya mtoto mmoja, bila kutafuta wa kumlaumu, kwahitaji saa moja tu. Kumwita mzazi shuleni siku ambayo mwanawe hajafanya kosa lolote ni jambo la kumshangaza, nalo lajenga zaidi ya hotuba kumi. Na mpishi naye, pamoja na mlinzi na mwenye duka mbele ya lango, aweza kuwa mwalimu wa lugha ikiwa tutamkaribisha.

Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo. Lakini ashikaye samaki lazima awe na mikono laini. Pete tumeipeleka New Haven, kwa shule iliyokuwa mojawapo ya mbili za mwisho katika 33, na yastahiki. Tuombe siku moja tuwe na pete ya kuivika shule ya kwetu, na tuifanye kazi ya kuistahili kuanzia kesho asubuhi, kengele ya kwanza itakapolia na mtoto asiyejua neno hata moja la lugha yetu atakaposimama mlangoni akitutazama usoni.